Mfupa, Maji na Mtu wa Kurudi Kupima

Mfupa wa ng'ombe ukichomwa sawasawa hutoka mweusi, mwepesi, na ukiupondaponda unavunjika vipande vikavu. Ukitoka wa kahawia, moto ulikuwa mdogo: ndani bado mna mafuta, na maji yatakayopita humo yatanuka kiasi kwamba hata mtoto mwenye kiu atayakataa. Ukitoka mweupe, moto ulizidi au hewa iliingia tele tanurini, na hapo mfupa umeshapoteza sehemu kubwa ya nguvu iliyokuwa ikitafutwa. Pale Ngurdoto, chini ya Mlima Meru, kwenye kituo cha utafiti cha Wizara ya Maji, watu wamelinda matanuri kwa miongo kadhaa wakiitafuta hiyo rangi nyeusi. Wanachokihitaji ni mkaa wa mifupa, kwa sababu mkaa huo unanasa floraidi.

Floraidi ndiyo tatizo kubwa la maji ya kaskazini mwa Tanzania, na limekuwepo tangu kabla ya bomba la kwanza kuchimbiwa. Meru ni mlima wa volkano. Mvua ikinyesha huko juu, maji huzama ardhini, hupenya majivu na mawe ya volkano, huyeyusha floraidi taratibu, kisha hutokeza chini kama chemchemi na mito. Penye kalsiamu ya kutosha majini, floraidi hushikwa nayo na kuganda ardhini. Maji ya Meru yana magadi mengi na kalsiamu kidogo, kwa hiyo floraidi husafiri nayo hadi kwenye ndoo. Mwaka 1984 wanajiolojia waliokuwa wakilifanyia kazi eneo hili walichapisha vipimo vyao: mito ilikuwa na miligramu 12 hadi 26 kwa lita, chemchemi 15 hadi 63, na mabwawa na maziwa ya magadi, yale ya Momella yakiwamo, 60 hadi 690. Shirika la Afya Duniani linataka maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5.

Ugumu ni kwamba hayo ni maji mazuri machoni. Yanang'aa, hayana harufu, na kiasi kinachotosha kumharibu mtoto meno hakibadilishi ladha. Mama aliyefundishwa kliniki kuchemsha maji anayachemsha kwa uaminifu, lakini moto unaua vijidudu tu. Floraidi inabaki, na kwa kuwa mvuke umetoka, iliyobaki imekolea kidogo kuliko mwanzo. Meno ya ukubwani hutengenezwa ndani ya ufizi wakati mtoto bado mdogo, na floraidi ikizidi katika miaka hiyo, jino huota likiwa tayari na mabaka meupe, kisha ya kahawia, na kwa walioathirika sana hata mashimo. Mswaki hauyaondoi. Mtu akiyanywa maji yenye kiwango cha juu kwa miaka mingi, mifupa nayo inaanza kukaza, mgongo unagoma kuinama, na katika baadhi ya vijiji vinavyouzunguka mlima watoto wamekua na matege makali.

Sayansi ya ugonjwa huu si ngeni. Mkemia wa Marekani, H. V. Churchill, aliitambua floraidi kuwa ndiyo inayopaka meno rangi mwaka 1931. Serikali ya Tanzania nayo ilijua mapema. Katika miaka ya 1970 ilikubali, kwa muda, maji ya vijijini yenye hadi miligramu 8 kwa lita, kwa hesabu ngumu lakini ya kweli: kama kiwango cha kimataifa kingefuatwa, vyanzo vingi vingefungwa na watu wangebaki bila maji kabisa. Baadaye kikashushwa hadi 4, na sasa ni 1.5, sawa na kile cha Shirika la Afya Duniani. Kuishusha namba kwenye karatasi ni jambo jema. Lakini chemchemi haisomi karatasi. Ndiyo maana kila aliyeishusha namba hiyo alilazimika kumgeukia mhandisi na mkemia na kuwauliza: tunaitoaje?

Jibu la mfupa lina mantiki inayonivutia kila ninapoifikiria. Sehemu ngumu ya mfupa na ya jino ni madini ya kalsiamu na fosfati. Madini hayo yanaipenda floraidi. Ikipita karibu, yanaivuta na kuipa nafasi ndani yake. Hicho ndicho kinachomtokea mtoto anayekunywa maji ya mto: mifupa yake inachuja maji. Mtafiti anachofanya ni kuihamisha kazi hiyo nje ya mwili. Anauchukua mfupa wa machinjioni ambao ungetupwa, anauchoma mpaka mafuta na nyama viishe, anausaga uwe punje, anaujaza kwenye ndoo yenye bomba, na floraidi inanaswa humo kabla maji hayajafika kwenye kikombe. Vifaa vyote vinapatikana Arusha. Mifupa haiishi maadamu watu wanakula nyama.

Kituo cha Ngurdoto kilifanya kazi hiyo kwa miaka mingi pamoja na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Wadenmark, wakiongozwa na Profesa Eli Dahi wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Denmark. Oktoba 1995 watafiti wa nchi mbalimbali walikutana hapo hapo Ngurdoto kwenye kongamano la kwanza la kimataifa la kuzuia madhara ya floraidi na kuiondoa majini. La pili lilifanyika Ethiopia mwaka 1997, la tatu Thailand mwaka 2000. Naona ni heshima ambayo Watanzania wengi hawaijui. Mahali palipokuwa na tatizo ndipo mabingwa walipokutana.

Mkaa wa mifupa haukuwa jaribio la pekee. Kutoka India ilikuja njia ya Nalgonda, iliyopewa jina la mji uliokuwa na shida kama yetu. Arusha waliifanya ya ndoo mbili. Unajaza ndoo ya kwanza maji, unamimina shabu na chokaa kwa vipimo, unakoroga haraka kwa dakika moja kisha polepole kwa dakika tano, unaacha yatulie saa nzima. Yanatokea mabonge laini meupe yanayozama na floraidi, nawe unafungua bomba na kuyahamishia maji ya juu kwenye ndoo ya pili. Ni njia rahisi, na shabu inajulikana na kila mtu aliyewahi kusafisha maji ya tope. Lakini maji yakiwa na floraidi nyingi sana njia hiyo haifikii miligramu 1.5, ukikosea kipimo ladha inaharibika, na kila siku ya Mungu ni lazima mtu asimame akakoroge. Watafiti pia walilipima jiwe la magnesaiti la Tanzania, ambalo likichomwa linainasa floraidi, ila linayaacha maji na uchungu wa magadi mpaka lazima yatibiwe tena. Kwa hiyo mfupa ukaendelea kuongoza.

Nchini Kenya, Jimbo Katoliki la Nakuru liliuchukua mkaa huo na kuufanya bidhaa: vichujio vya nyumbani, vya shule, vya vituo vya maji. Baadaye, wakishirikiana na wanasayansi wa Uswisi, walitengeneza punje za kalsiamu na fosfati za kuchanganya na mkaa ili uishi muda mrefu zaidi kabla ya kuchoka. Kile kilichojaribiwa kwenye vikombe vya maabara kikawa kitu kinachouzwa na kupelekwa nyumbani, kikiwa na mtu wa kuulizwa kikiharibika. Nitarudi kwenye jambo hili la mtu wa kuulizwa, maana ndilo lililobeba makala haya.

Kabla ya hapo, nikae kidogo jikoni, kwa sababu ugunduzi mmoja muhimu kuliko yote katika suala hili haukuhusu chujio. Katika miaka ya 1990 watafiti wa meno wa Muhimbili na wenzao wa Uholanzi walikuta watoto wenye meno yaliyoharibika katika vijiji ambavyo maji yake yalikuwa na floraidi kidogo. Wakatafuta chanzo, wakakikuta kwenye sufuria. Ni magadi, yale yanayookotwa kandokando ya maziwa na kuuzwa sokoni kwa vibaba, yanayotiwa kwenye makande na maharage ili yaive upesi. Baadhi ya magadi yana floraidi nyingi mno, na kiasi hutofautiana sana kutoka chanzo kimoja hadi kingine, wala huwezi kuyatofautisha kwa macho.

Hapo mtu wa mjini atasema: basi waache magadi. Mpishi atamwambia kwa nini hayaachiki. Mahindi makavu na maharage yanahitaji saa kadhaa motoni, na kuni ni za kununua au za kufuata mbali. Magadi kidogo yanapunguza saa hizo. Familia inayaweka kwa sababu ya kuni, si kwa ujinga wala kwa mazoea matupu. Kwa hiyo swali la floraidi ni swali la nishati pia, na mtafiti anayetaka kulijibu lazima ajue maharage yaliyolowekwa usiku kucha yanaiva kwa muda gani kwenye jiko bora, na jiko hilo linauzwa bei gani Kikatiti. Hiyo ni sayansi ya kweli, hata kama haipambi jalada la jarida. Wataalamu wa meno waliofuata mabaka ya meno mpaka kwenye kibaba cha magadi walifanya kazi ambayo ningependa kila mwanafunzi wa uhandisi aisome kabla hajaanza kuchora mtambo wake.

Mwaka 2011 taasisi mpya ilianza kupokea wanafunzi pale Tengeru, nje kidogo ya jiji la Arusha: Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela. Ni chuo cha shahada za uzamili na uzamivu, kilichojengwa katikati kabisa ya eneo lenye floraidi. Mwanafunzi wa hapo halazimiki kuagiza sampuli. Anashuka mtoni na chupa. Ndipo alipofundisha Askwar Hilonga, mzaliwa wa kijiji cha Gongali huko Karatu, aliyesomea teknolojia ya nano kwa shahada ya uzamivu Korea Kusini. Chujio lake linayapitisha maji kwanza kwenye mchanga, kisha kwenye vitu vya nano vinavyochaguliwa kulingana na uchafu wa mahali husika: penye floraidi hivi, penye metali nzito vile. Mwaka 2015 alishinda tuzo ya kwanza ya Afrika ya ubunifu wa uhandisi, inayotolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza, na kupewa pauni 25,000. Hakuishia kwenye tuzo. Kupitia kampuni yake, vichujio vikawa njia ya watu wa mitaani kuuza maji salama kwa ndoo.

Nimeyataja haya yote ili isije ikadhaniwa kwamba vyuo vyetu vimelala. Havikulala. Swali la kitu gani kinaiondoa floraidi limejibiwa, tena zaidi ya mara moja, na kwa vifaa vya hapa hapa. Bado kila mwaka zinaandikwa tasnifu mpya za kupima ganda hili au udongo ule, grafu zinachorwa, mhitimu anavaa joho. Nazisoma kwa heshima, lakini moyoni nauliza jambo ambalo grafu hizo hazilijibu: mkaa ukichoka, nani atajua?

Maana mkaa huchoka. Tukichukulia maji yenye miligramu 10 kwa lita, na tunataka yashuke hadi 1.5, kila lita inauachia mkaa miligramu 8.5. Gramu moja ya mkaa mzuri ikibeba, tuseme, miligramu 2, basi kilo 20 zitabeba miligramu 40,000. Gawanya: ni kama lita 4,700. Familia inayotumia lita 20 kwa siku kwa kunywa na kupikia itazimaliza ndani ya miezi minane hivi. Ni muda mzuri, gharama inabebeka. Lakini angalia kinachotokea mwezi wa tisa. Maji yanaendelea kutoka bombani yakiwa yale yale, meupe, matamu. Hakuna harufu, hakuna tope, wala mtiririko haupungui. Chujio la mchanga likiziba linakuambia lenyewe, hili linanyamaza. Mtoto aliyelindwa miezi minane anarudi kunywa maji ya mlima, na mama yake anaamini bado anamlinda. Miaka mingine inapita ndipo jino linaota na kusema kilichotokea.

Njia pekee ya kujua ni kupima, na kupima floraidi kunahitaji elektrodi yake maalumu au dawa za rangi, pamoja na mtu anayejua kuzitumia. Kifaa hicho kipo chuoni, kipo kwenye maabara za maji za serikali. Hakipo kijijini. Kwa hiyo chujio lililogawiwa bila ratiba ya upimaji ni kazi iliyoachwa nusu, hata kama siku ya makabidhiano palikuwa na ngoma na mgeni rasmi. Ni lazima kusema hivyo waziwazi, kwa sababu vichujio vingi barani hufa hivyo: mradi umefungwa, ripoti imetumwa, na ndoo imegeuzwa ya kuwekea unga.

Kosa haliko kwa mtafiti mmoja mmoja. Mhadhiri anapandishwa cheo kwa machapisho, na jarida la kisayansi linataka jambo jipya. Kifaa kipya cha kunasa floraidi ni jambo jipya. Kurudi kila baada ya miezi mitatu kwenye kaya zile zile kupima ndoo zile zile si jambo jipya, ingawa ndilo linaloamua kama mtoto atakuwa na meno. Wafadhili nao hulipia miaka mitatu, na mwaka wa nne mkaa ukichoka hakuna tena anayelipia mpya. Tungekuwa na akili ya kutosha tungeibadili hesabu hiyo: takwimu za miaka mitano za vichujio vilivyo majumbani, vilivyofeli vikiwemo, zihesabiwe kama kazi kubwa ya kitaaluma. Mtu aliyezikusanya anajua mengi kuliko aliyetengeneza punje bora ambayo haijawahi kutoka nje ya chupa.

Kuna maswali mengine ambayo hujibiwa uani tu. Muislamu atauliza mifupa ni ya mnyama gani na alichinjwaje. Mhindu anaweza kuukataa mfupa wa ng'ombe moja kwa moja. Wengine watasema tu kwamba hawanywi maji ya mifupa, na ukiwaambia mifupa hiyo imeungua kwa joto la nyuzi mia nne au mia tano, wanakutazama. Wana haki. Asili ya mifupa iandikwe, machinjio yanayojulikana yatumike, na penye kukataa pawe na njia nyingine, iwe shabu na chokaa, iwe maji ya mvua. Mvua ya Meru haina floraidi ya kutajika mpaka iguse ardhi, na shule yenye bati kubwa na tanki safi inaweza kuwapa watoto maji ya kunywa kwa sehemu kubwa ya mwaka. Nashangaa jinsi suluhisho hili linavyopata nafasi ndogo kwenye mikutano.

Jijini Arusha mambo yanakwenda kwa njia nyingine. Mradi mkubwa wa maji uliogharimu takribani shilingi bilioni 520 umeleta maji ya visima vipya kutoka mbali, vyenye floraidi ndogo, na mabomba yake. Ndiyo njia bora penye watu wengi na fedha. Lakini mabomba hayatafika hivi karibuni kwenye kila kitongoji cha Ngarenanyuki au kwenye boma la mfugaji upande wa Longido, na huko ndiko ndoo yenye mkaa itakapoendelea kuhitajika.

Huko vijijini, tangu 2019, wenye dhamana ni RUWASA, Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, na chini yake vipo vyombo vya watumia maji vinavyokusanya fedha za ndoo na kuwalipa mafundi. Hapo ndipo ninapopaona mahali pa kuanzia, bila kusubiri mfadhili. Chombo cha watumia maji tayari kina daftari, kina mhasibu, kina fundi wa bomba. Kiongezewe ukurasa mmoja: kaya yenye chujio, tarehe mkaa ulipowekwa, kilo ngapi, tarehe ya kipimo cha mwisho na jibu lake. Sehemu ndogo ya senti za kila ndoo itengwe kununua mkaa mpya. Mkaa uliochoka urudishwe kituoni, usimwagwe shambani. Chuo kitoe elektrodi na wanafunzi, kila darasa likabidhiwe vitongoji vyake na kuwarithisha wanaofuata, ili mwanafunzi wa mwaka huu aandike kwenye ukurasa ule ule alioandika mwenzake aliyemtangulia. Tengeru, Ngurdoto na ofisi ya wilaya ya Arumeru haziko mbali sana. Mtu akitoka asubuhi na sanduku la vifaa kwenye pikipiki, jioni ameshapima mtaa mzima.

Gharama kubwa ya mpango huo ni mafuta ya pikipiki na mshahara wa mtu mmoja au wawili wanaojua kazi. Fedha hizo haziingii kwenye bajeti ya utafiti kwa sababu si utafiti, wala kwenye bajeti ya ujenzi kwa sababu hakuna cha kuzindua. Bunge la bajeti linakaa kila mwaka Dodoma kuanzia Aprili, na wabunge wa Arusha, Kilimanjaro, Manyara na Singida wana wapiga kura wenye meno ya kahawia. Waanze kwa kuomba kifungu kimoja chenye jina lake: upimaji wa vichujio vya floraidi, kila robo mwaka, kijiji kwa kijiji.